Bibo, neema tunayoikanyaga

Msimu wa korosho uwadiapo Lupaso, wilayani Masasi, mabibo mekundu na ya manjano hujaa chini ya mikorosho. Uling'atapo bibo, maji yake matamu hufurika kinywani, ukakasi ukabaki kooni na doa kwenye kanzu. Lakini wengi wetu hunyofoa korosho kwa ajili ya mnada, na bibo, lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, huachwa lioze au hugeuzwa uraka wa kulevya. Suratul An'am, aya ya 141, inatuamrisha kula matunda, kutoa haki yake siku ya mavuno na kuepuka israfu. Basi tuwalishe watoto, tuyakaushe yanayobaki, tumkumbuke jirani asiye na mkorosho. Korosho hungoja mnada. Bibo halingoji kesho.