Walihesabu Meno, Masikio Hawayajui

Wasee, leo sichekeshi.

Anko wangu hapa Kebirigo alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa Somalia miaka michache baada ya jeshi letu kuingia huko Oktoba 2011. Alirudi na miguu yote miwili, kwa hivyo mtaa ukasema ako sawa. Lakini sikio la kushoto limekufa, na nduthi ikipiga mlio kama risasi pale stejini, yeye analala chini. Aliomba fidia ya ulemavu. Jibu lilikuwa barua ya mistari mitatu: ugonjwa hautokani na kazi.

Manze! Siku ya kuandikishwa walimvua shati, wakamkimbiza, wakahesabu hadi meno. Aliingia mzima, na wao wenyewe ndio walioandika hivyo. Sasa hilo sikio aliliharibu wapi, kwa kuchuna majani chai?

Najua wengine mtasema ashukuru Mungu, hakupigwa risasi. Kariokor ya Nairobi ilipata jina kutoka Carrier Corps, wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Magonjwa yaliwamaliza wengi kuliko risasi. Utasema hao pia hawakuumia kazini?

Mwingine atasema kuna waongo wanaotafuta pesa. Sawa, wapo. Basi wapimwe. Muongo anashikwa na daktari, hashikwi na mistari mitatu.

Kinachoniuma zaidi ni anko mwenyewe. Nilimuuliza, "Anko, umekata rufaa?" Akaniambia, "Kijana, serikali ikishasema, imesema."

Hapana, anko. Amri uliziacha kambini. Sasa wewe ni raia. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema uamuzi wa ofisi ukiumiza haki yako, lazima upewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inataka ombi lako lijibiwe ndani ya siku 21. Hiyo si fadhila ya mtu.

Kwa hivyo tunaanza hivi. Andika tarehe uliyopokea barua, maana rufaa ina muda wake. Dai sababu. Dai faili yako ya matibabu, kuanzia siku ile ya meno. Tafuta daktari aandike ugonjwa ulitoka wapi, asiandike jina lake tu. Tafuta wenzako mliokuwa nao, waandike walichokiona.

Mimi niliacha kampasi, digrii ya sheria sina. Lakini simu ninayo na barua najua kuandika. Wewe pia. Tunaandika komenti usiku kucha kuhusu watu tusiowajua, barua moja ya mzee wetu itatushinda?

Jumamosi mimi na anko tuko saiba. Kama kwenu kuna barua kama hiyo imefichwa chini ya godoro, itoe leo. Siku zinahesabiwa.