Kabla ya Samani Kuukuu Kwenda Mnadani

Desemba 2014, katika mnada uliofanyika New York, meza moja fupi ya sebuleni iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4 za Marekani. Haikuwa na dhahabu wala lulu. Ilikuwa kioo kilicholazwa juu ya miguu ya mbao iliyochongwa kama sanamu, kazi ya mchongaji Isamu Noguchi ya mwaka 1939.

Miaka kadhaa kabla ya mnada huo, kaskazini mwa India, meza na viti vya ofisi za serikali mjini Chandigarh vilikuwa vimerundikwa juu ya mapaa na nyuma ya majengo, vikipigwa jua na mvua, vikimsubiri dalali. Vilikwenda kwa bei ya kutupa. Wafanyabiashara wa Ulaya wakavinunua kwa mafungu, wakavipiga msasa, wakavisuka upya, kisha wakaviuza Paris, London na New York kwa maelfu ya dola kila kimoja.

Samani hizo zote ni za ukoo mmoja. Ni zao la usasa wa katikati ya karne ya 20, mtindo uliochipuka miaka ya 1930 na kushamiri tangu mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi miaka ya 1960. Alama zake zinajulikana: mistari myepesi, miguu ya mshazari inayochongoka kuelekea chini, nakshi hakuna, na mbao imeachwa ionekane jinsi ilivyo. Leo mtindo huo umerudi kwa kishindo, na mwenye meza halisi ya enzi hizo ana mali mkononi.

Lakini kilichotenganisha bahati ya meza ya New York na ile ya meza za Chandigarh hakikuwa mbao. Chandigarh ilitumia mtiki, ambao huvumilia unyevu na kuwashinda mchwa, na mafundi wake waliijua kazi. Kilichozitenganisha ni kumbukumbu. Meza ya Noguchi ilijulikana nani aliibuni, nani aliiagiza, iliwekwa nyumba gani na mwaka gani. Za Chandigarh, siku zilipotolewa ofisini, hazikuwa na wa kuzisemea. Ofisi za umma za Afrika Mashariki, ambazo nazo zina maghala ya samani kuukuu, zina haja ya kuitazama hadithi hii kwa makini kabla hazijatangaza mnada mwingine.

Aliyeiagiza meza ya 1939 ni A. Conger Goodyear, rais wa kwanza wa Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, kwa ajili ya nyumba yake mpya iliyosanifiwa na Edward Durell Stone. Baadaye Noguchi alitengeneza mfano mdogo wa meza nyingine kwa ajili ya T. H. Robsjohn-Gibbings, mbunifu wa samani Mwingereza aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa ikiwafungia kambini raia wake wenye asili ya Japani, Noguchi aliingia kwa hiari yake katika kambi ya Poston, Arizona. Akiwa huko, kwa maelezo yake mwenyewe, akaona tangazo la meza inayofanana na mfano wake. Alipomlalamikia Robsjohn-Gibbings alijibiwa kwamba meza ya miguu mitatu anaweza kuitengeneza mtu yeyote.

Jibu lake lilikuwa meza nyingine: kioo cha pembe tatu zilizoviringwa, juu ya vipande viwili vya mbao vya umbo moja, kimoja kimepinduliwa kikamwegemea mwenzake. Kampuni ya Herman Miller ilianza kuitengeneza mwaka 1947. Nakala za kuiga zimejaa duniani, lakini halisi ya leo ina sahihi ya Noguchi ukingoni mwa kioo. Mtu aliyeibiwa wazo mara moja alihakikisha jina lake halibanduki tena kwenye kazi yake.

Denmark ilikwenda mbali zaidi, kwa sababu iliandika hata jina la seremala. Kuanzia 1927 hadi 1966 chama cha maseremala wa Copenhagen kiliandaa maonyesho kila mwaka, na humo mbunifu na fundi walisimama pamoja. Ndiyo maana Finn Juhl hatajwi bila Niels Vodder aliyemtengenezea viti, wala Hans Wegner bila karakana ya Johannes Hansen. Wegner, mtoto wa fundi viatu, alibuni mwaka 1949 kiti cha mgongo wa mviringo ambacho mwaka 1960 kilionekana kwenye televisheni ya Marekani, katika mdahalo wa wagombea urais John F. Kennedy na Richard Nixon uliofanyika Chicago. Chini ya viti hivyo kuna muhuri wa karakana uliochomwa kwenye mbao. Mnunuzi anayejua biashara hukipindua kiti kwanza, kisha ndiyo aulize bei.

Inafaa ikumbukwe pia kwamba samani hizi hazikubuniwa ziwe pambo la matajiri. Mwaka 1942 muungano wa vyama vya ushirika vya Denmark, FDB, ulimpa Børge Mogensen kazi ya kubuni samani ambazo familia ya kawaida ingemudu. Kiti chake cha J39 cha mwaka 1947 kilikuja kuitwa kiti cha wananchi. Huko Marekani, wabunifu Charles na Ray Eames walijifunza kukunja plaiwudi walipokuwa wakitengeneza magango ya miguu ya wanajeshi wa majini waliojeruhiwa vitani. Vita vilipokwisha, ufundi uleule ukazaa viti vya bei nafuu vya viwandani. Kwamba vitu vya namna hiyo sasa vinapiganiwa kwenye minada ni kinaya ambacho wabunifu wake wasingekitarajia.

Chandigarh ndiyo iliyolikaribia lengo hilo la samani za wananchi kuliko wote. India ilipogawanywa mwaka 1947, Lahore, mji mkuu wa Punjab, uliangukia Pakistan. Serikali ya Jawaharlal Nehru ikaamua kujenga mji mkuu mpya, kazi ikakabidhiwa wasanifu majengo Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret, pamoja na Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew. Le Corbusier alikuja na kuondoka. Jeanneret alihamia, akakaa hadi 1965. Alifariki Geneva mwaka 1967, na majivu yake yakarudishwa kumwagwa katika ziwa la Sukhna, Chandigarh.

Mji mzima ulihitaji meza, viti, makabati na madawati kwa mpigo: mahakama, bunge, chuo kikuu, maktaba, nyumba za watumishi. Jeanneret na wenzake, akiwamo msanifu majengo Mhindi Urmila Eulie Chowdhury, walichora samani ambazo karakana za palepale zingeweza kuzitengeneza kwa mkono. Mtiki, henzirani ya kusukwa, miguu iliyoungana mithili ya herufi V, basi. Kwa kuwa karakana zilikuwa nyingi, viti vya mchoro mmoja havikutoka sawasawa: hiki mguu wake mnene, kile mgongo umelala zaidi. Na ili kiti cha idara moja kisihamie nyingine, makarani walikiandika kwa rangi namba na kifupi cha jina la ofisi.

Namba hizo, zilizopakwa na karani asiye na habari ya sanaa, ndizo zinazosakwa leo na wanunuzi wa Ulaya na Marekani kama cheti cha kuzaliwa cha kiti. Bila namba, bei hushuka. Karani aliokoa thamani ya samani ambazo wakubwa wake waliziuza kama takataka. Ila karani aliandika idara tu. Majina ya wengi wa maseremala waliozitengeneza yamepotea, na katika orodha za minada linaloandikwa kwa herufi kubwa ni jina la Jeanneret.

Serikali ya India ilizinduka kwa kuchelewa. Mwaka 2011 wizara ya mambo ya ndani ilipiga marufuku kuuza na kusafirisha nje samani hizo, na hesabu iliyofanywa ilipata zaidi ya vipande 12,000 vilivyobaki mjini. Mwaka 2013 msanii Amie Siegel alitoa filamu iliyozifuata samani hizo kinyumenyume, kuanzia majumba ya wanunuzi, minada na meli, hadi ofisi za Chandigarh zilikotoka. Mwaka 2016 majengo ya makao makuu ya serikali mjini humo yakaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wakati huo samani nyingi zilikuwa zimekwisha ondoka kihalali, kwa risiti, kupitia mnada wa serikali yenyewe.

Wapo watakaouliza: nchi ambayo shule zake bado zina watoto wanaokaa chini ina muda gani wa kuhesabu viti chakavu? Swali ni la haki. Lakini kuandika si kuhifadhi kila kitu. Meza iliyooza itupwe, iliyo nzima iuzwe au ipelekwe shule yenye uhitaji, na fedha zitumike. Kinachodaiwa ni kwamba muuzaji ajue anauza nini. Anayeuza bila kujua hamwokoi mtoto aliyekaa chini. Anamtajirisha mnunuzi anayejua.

Wengine watasema usasa huu ni wa wageni. Chandigarh inajibu hilo pia. Mchoro ulikuwa wa Mswisi na Mhindi, mikono ilikuwa ya Wapunjabi, mbao na henzirani vilikuwa vya huko. Ulionekana wa kigeni kabisa kwa sababu sehemu ya wageni tu ndiyo iliyoandikwa.

Afrika Mashariki iliwahi kusimama katikati kabisa ya usasa huo. Machi 1955, Julius Nyerere alipokwenda New York kuizungumzia Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, aliingia katika ukumbi uliobuniwa na Finn Juhl, uliogharimiwa na Denmark na kuanza kutumika mwaka 1952. Ukumbi huo ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2013, na jina la Juhl halikosekani popote unapotajwa.

Huku nyumbani, samani za kizazi hicho zilitoka kwa kiasi kikubwa katika karakana za idara za ujenzi na za magereza. Mninga na mvule, viungo vya ulimi na tundu, droo nzito zisizokwama. Magereza ya Ukonga nchini Tanzania na Luzira nchini Uganda yanajulikana hadi leo kwa kazi ya useremala. Hata hivyo, mali hizo zinapofika kwenye tangazo la mnada, gari hutajwa kwa namba ya usajili, aina na mwaka. Samani huandikwa "viti, meza na makabati chakavu" kwa mstari mmoja.

Hasara ya mstari huo haiishii kwenye bei. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam na wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi wanaombwa kila siku watengeneze meza za miguu ya mshazari walizoonyeshwa na wateja kwenye simu. Picha inaonyesha umbo, haionyeshi kiungo. Matokeo yake ni mguu uliopigiwa skrubu chini ya ubao wa kubanwa kwa gundi, unaoanza kucheza kabla mteja hajamaliza kulipa. Kampuni ya Cassina ya Italia ilirudisha sokoni mwaka 2019 viti vilivyotokana na vya Chandigarh, na karakana ya Phantom Hands ya Bengaluru inaajiri mafundi wa Kihindi kuvitengeneza upya. Kazi ya namna hiyo huhitaji samani za zamani za kupima. Keko na Ngong zingeweza kufanya vivyo hivyo kwa meza za mninga za Ukonga, iwapo kungekuwa na meza ya kupima.

Hatua yenyewe haihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Afisa ugavi mwenye simu anaweza kuanza na ghala moja: picha ya mbele, picha ya chini, vipimo, aina ya mbao, namba iliyopakwa, na jina la karakana ikiwa yupo mstaafu anayelikumbuka. Orodha hiyo ifike katika makumbusho ya taifa na vyuo vinavyofundisha usanifu, Ardhi na Nairobi vikiwa miongoni mwao, mwezi mmoja kabla ya tangazo kutoka, wachague kipande kimoja kimoja cha kila aina. Vinavyobaki viuzwe kwa mnada wa hadhara kama kawaida, kila kimoja na maelezo yake, na nakala ya orodha ibandikwe mlangoni ambapo mafundi seremala wataisoma.