Kujitolea Si Sera: Lari na Kumbukumbu Tuliyowatwika Wazee

Kila ifikapo tarehe 20 Oktoba taifa letu huvaa nguo za sikukuu na kuwakumbuka mashujaa. Hotuba husomwa, gwaride hupita, wakongwe wachache wenye medali huketishwa mahali ambapo kamera zitawaona, na jioni kila mtu hurudi kwake. Ukiuliza siku inayofuata ni fungu gani la bajeti linalotunza kumbukumbu za vita tulivyovisifu jana, hupati jibu la maana. Nimewauliza wanafunzi wangu, na nimewauliza watumishi wa umma wanaokuja kusoma shahada ya uzamili jioni baada ya kazi. Jibu la hao wa pili limekuwa lile lile mwaka baada ya mwaka: "Mwalimu, kuna watu wanaojitolea."

Wapo, ni kweli. Lakini jibu hilo naliona ni la aibu, na zaidi kwa sababu hutolewa kwa sauti ya kujivunia.

Chukueni Lari. Msafiri wa barabara kuu ya Nairobi kwenda Naivasha hupita Kimende bila kugeuza shingo; huona viazi, karoti na kabeji zilizopangwa kando ya njia, na mbele kidogo, penye ukingo wa Bonde la Ufa, wauzaji wa kofia za ngozi ya kondoo. Hapo Kimende, mwaka 2001, wazee waliwahi kufanya jambo ambalo serikali zetu zote tangu uhuru hazikuthubutu kulifanya. Waliokuwa wapiganaji wa Mau Mau na waliokuwa homugadi, yaani walinzi waliopewa silaha na mkoloni ili wapigane na jirani zao, waliketi pamoja na kuanzisha Makumbusho ya Amani ya Lari. Walikuwa ndani ya vuguvugu la makumbusho ya amani ya kijamii lililoasisiwa miaka ya 1990 na mtafiti wa tamaduni Sultan Somjee, lakini uzito wa Lari ni wa Lari peke yake, na kuuelewa sharti turudi nyuma.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, homugadi wa doria wakiwa wamevutwa mbali na makazi yao, makundi ya washambuliaji yalizivamia nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali, yakazifunga milango na kuzitia moto. Chifu Luka Wakahangara aliuawa. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Hesabu rasmi ilisema 74, na picha za miili yao zikasambazwa duniani kote na serikali ya kikoloni kama ushahidi kwamba Mau Mau hawakuwa na madai yoyote, ila kiu ya damu.

Kilichofichwa ni kilichofuata. Kabla ya mapambazuko na katika saa zilizofuata, homugadi, polisi na askari wa akiba walilipiza kisasi, wakiwaua waliowashuku na wasiowashuku. Hao hawakupigwa picha wala hawakuhesabiwa. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu walionyongwa wakati wa Hali ya Hatari, aliandika wazi kwamba Lari iliona mauaji mawili, si moja. Kisha zikaja kesi, na watu 71 wakapandishwa kitanzini kwa ajili ya usiku ule, katika jumla ya watu 1,090 walionyongwa na serikali katika vita vile.

Na nyuma ya moto kulikuwa na ardhi. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter ilipendekeza mwaka 1934 kwamba Wakikuyu wa Tigoni, karibu na Limuru, wahamishwe ili eneo lile libaki safi mikononi mwa walowezi, nao wafidiwe ardhi ya Lari. Luka alikubali. Wengine walikataa, wakaondolewa kwa nguvu, wakajikuta hawana Tigoni wala Lari. Mwanafunzi akisoma kwamba Lari ilikuwa chuki tupu kati ya "wazalendo" na "vibaraka", amenyimwa nusu ya somo. Mtu aliyechomewa nyumba na mtu aliyeichoma walikuwa wamegombanishwa na mstari uliochorwa na tume ambayo haikuwahi kulala Lari hata usiku mmoja.

Tukisema "historia ya kijeshi" wengi wetu huwaza mizinga iliyopakwa rangi, sare ndani ya kabati za vioo, na orodha ya makamanda. Lari haina hayo. Ni historia ya vita ambavyo mstari wa mbele ulipita katikati ya shamba, wakati mwingine katikati ya ukoo. Ndiyo maana nasema serikali haikuthubutu. Jomo Kenyatta, akihutubia Githunguri mwaka 1962, aliifananisha Mau Mau na ugonjwa. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na mkoloni mwaka 1950 iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Fikirini jambo hilo kwa utulivu: wazee wa Lari walipokutana mwaka 2001, nusu yao kisheria walikuwa bado wanachama wa zamani wa chama haramu.

Tangu hapo tumekwenda kasi upande wa pili. Mwaka 2007 Dedan Kimathi alisimamishwa Nairobi kwa shaba. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikiri mateso na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 zikiwamo gharama za kesi, kwa wadai 5,228, na mnara uliotokana na makubaliano hayo ukazinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Tukatunga Sheria ya Mashujaa wa Kenya mwaka 2014, yenye vigezo vya kumtambua shujaa. Siyapuuzi haya, wazee walioteswa waliyangoja maisha yao yote. Lakini sanamu ina uso mmoja, na sheria ya mashujaa inaanza na swali la nani aingie katika orodha. Mpelekeeni swali hilo mjukuu ambaye babu yake mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa na bunduki ya serikali. Atakujibu nini?

Lari iliuliza swali jingine: tutaishije hapa, sisi tunaojua nani alifanya nini? Hilo ni swali la kitaifa kuliko yote niliyoyasikia tangu mwaka 2008, nchi ilipotaka kutushinda. Kumbe lilikuwa limeshaanza kujibiwa na wakulima wa viazi, bila posho ya kikao.

Hapo ndipo ninapogombana na neno "kujitolea". Katika Kiswahili chetu neno hili lina heshima kubwa. Anayejitolea ametoa nafsi yake. Lakini katika midomo ya wakuu limegeuka kuwa kisingizio. Barabara hatuiachii watu wa kujitolea. Mnara wa Uhuru Park haukujengwa kwa harambee ya wazee. Kumbukumbu ya kijiji, hasa kijiji chenye habari zisizofaa kwa hotuba, ndiyo inayoachiwa ukarimu wa wachache: wafungue mlango, wafagie, wapokee wageni, waeleze jambo lile lile kwa uchungu ule ule, kisha warudi nyumbani wakachume sukuma wiki. Makumbusho ya namna hii huishi kwa michango, kwa mgeni wa mara moja moja, na kwa subira ya wake na watoto wa wanaoyatunza. Mfadhili akija, huja na mradi wa miaka miwili na fomu zake. Akiondoka, huondoka na picha.

Msiniambie sheria hairuhusu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti makumbusho kwa jina. Tatizo ni jirani tuliyempa. Makumbusho yamo katika fungu moja na kamari na kasino, mbio za mashindano, leseni za pombe na maonyesho ya video. Yanatajwa mara tu baada ya maktaba. Sina haja ya kuwaambia ni kipengele kipi katika orodha hiyo ambacho maofisa wa kaunti hukifuatilia kwa bidii. Pombe huleta mapato, makumbusho huomba. Nayo serikali ya kitaifa imebakiwa na mabaki na minara ya kale "yenye umuhimu wa kitaifa". Basi kaunti husema vita vya uhuru ni jambo la taifa, taifa nalo husema makumbusho ya kijiji ni jambo la kaunti, na katikati ya mikono hiyo miwili iliyofungwa kifuani amesimama mzee mwenye ufunguo.

Kuna wanaopinga kwa nia njema, na hao nawajibu kwa heshima. Wa kwanza hunikumbusha kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naipenda methali hiyo, ila huwa naomba waisome yote. Inazungumzia kuganga, na sijapata kumwona mganga anayetibu jeraha alilokataza lisitazamwe. Lari haikufukua kaburi ili ipate wa kumlaumu. Walioketi pamoja mwaka 2001 walikuwa ndio wenye kaburi, pande zote mbili, na hawakuhitaji ruhusa ya mtu wa Nairobi kulizungumzia.

Wa pili wana hoja nzito zaidi, na nakiri ilinichelewesha kuandika. Wanasema: serikali ikitoa fedha, itatoa na maneno. Kesho ofisa ataagiza picha fulani iteremshwe kwa sababu mheshimiwa anakuja, au ukuta mzima wa homugadi utoweke kwa sababu "haujengi uzalendo". Hofu hiyo ina msingi. Serikali iliyoweza kuendeleza marufuku ya mkoloni kwa miaka 40 haistahili kuaminiwa na simulizi yenye pande mbili. Lakini jawabu la hofu hiyo haliwezi kuwa njaa. Maktaba ya chuo kikuu cha umma hununua vitabu vinavyoikosoa serikali kwa fedha za serikali hiyo hiyo, na tunaona ni sawa. Ruzuku inaweza kuandikwa katika sheria ya kaunti, ikatolewa kila mwaka kwa kiwango kinachojulikana, ikakaguliwa kama fedha nyingine za umma, huku mali na simulizi zikibaki kwa jamii na bodi yake. Kinachotakiwa ni kodi ya jengo, mshahara wa mtunzaji mmoja, na paa lisilovuja. Hakuna ofisa anayehitaji kugusa maandishi ya ukutani.

Wakati wenyewe hautungoji. Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule wa Lari alizaliwa mwaka 1933. Fanyeni hesabu. Walioanzisha mazungumzo wanaondoka mmoja mmoja, na kijana hatarithi kazi isiyo na mshahara katika nchi ambayo hata yenye mshahara haipatikani. Tusiwalaumu vijana wa Kiambu kwa hilo. Nami sitakubali kumshauri mhitimu wangu yeyote akae bure miaka mitano kwa jina la uzalendo, ilhali mimi nalipwa mwisho wa mwezi kuusimulia.

Hapa lazima nijigeukie mimi na wenzangu. Mwaka 2011 ilifichuka kwamba Uingereza ilikuwa imeficha huko Hanslope Park takriban majalada 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Karatasi zile ni za umma uliotawaliwa. Lakini wasomi wangapi wa vyuo vyetu wana Hanslope Park ndogo chini ya meza? Tumewaendea wazee wa vita hivi, tumenywa chai yao, tumewarekodi saa nzima nzima, tukarudi mjini kuandika tasnifu zilizotupandisha vyeo. Familia hazikupata nakala ya sauti wala ya tasnifu, na kwa kuwa tasnifu iliandikwa kwa Kiingereza cha kitaaluma, hata wangeipata isingewafaa sana.

Nami nimo. Nina kanda za wakongwe wa eneo hilo nilizozirekodi nikiwa mwanafunzi, ndani ya boksi la viatu ofisini kwangu. Wengi wa wanaosema ndani yake wamekwisha kufariki, na watoto wao hawajui kuwa zipo.

Kwa hiyo ninawaambia watumishi wa umma wanaosoma hapa: mnapokaa kuandaa makadirio ya kaunti, kile kipengele cha makumbusho kipeni tarakimu, na mkiambiwa ni kidogo mno kujadiliwa, ulizeni ni kidogo kuliko nini. Ninyi wanaharakati mnaojua kujaza ukumbi siku ya kesi, jazeni pia ukumbi wa kikao cha wananchi kuhusu bajeti, ambacho mara nyingi huhudhuriwa na watu ishirini na kuisha kabla ya saa sita. Wanafunzi, kabla hamjanunua tiketi ya kwenda kutazama makumbusho ya watu wengine, shukeni Kimende, mlipe kiingilio kama mnavyolipa kwingine, na msiombe punguzo.

Kanda zangu nimeanza kuzinakili wiki hii. Mbili zimeharibika kwa unyevu na hazisikiki. Zilizobaki nitazipeleka Kimende, pamoja na orodha ya majina, ili watoto wa wenyewe waitwe waje kuzichukua.