Chakula cha Mafundi Kimefanywa Tambiko la Matajiri

Katika mtaa wa Ginza, mjini Tokyo, chini ya jengo moja la ofisi, kuna mkahawa wenye viti kumi tu. Jina lake ni Sukiyabashi Jiro. Mgeni aingiapo humo hapewi orodha ya vyakula, wala haulizwi anapenda nini. Huketi mbele ya meza ndefu, na mpishi aliye upande wa pili humfinyangia tonge dogo la wali uliotiwa siki, akaweka juu yake kipande cha samaki, akampa. Likishaliwa hilo, hufinyangwa lingine, mpaka yatimie matonge kama ishirini. Mlo wote huweza kumalizika kwa muda wa nusu saa. Tarehe 23 Aprili, 2014, Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, alimkaribisha hapo Rais Barack Obama wa Marekani, na wakati huo bei ya kiti kimoja ilikuwa ikianzia yen 30,000. Katika mji wa New York uko mkahawa wa namna hiyo hiyo, uitwao Masa, ambao mlaji mmoja hulipa zaidi ya dola 700 kabla hajaagiza hata glasi ya kinywaji.

Wajapani huiita desturi hii omakase, yaani mlaji anamwambia mpishi: nimekuachia wewe. Neno lenyewe ni la adabu, na halina ubaya wowote. Mtu anayemwamini seremala wake humwachia achague mbao. Na mwenye kumjua mvuvi hodari haoni haya kumwambia, nipe yule unayemwona wewe kuwa anafaa. Ubaya hauko katika kuaminiana. Uko katika yale ambayo mabwanyenye wa dunia wameyapachika juu ya kuaminiana huko, hata tonge la wali likageuka hirizi ya kuwatenga watu.

Maana hapana budi kuuliza: ni kitu gani hasa kinachonunuliwa pale? Wali ni wali. Siki ni siki. Samaki ni bora, hilo halikanushwi, na huletwa asubuhi ile ile kutoka soko kuu la Tokyo, ambalo mwaka 2018 lilihamishwa kutoka Tsukiji na kupelekwa Toyosu. Lakini kutoka soko hilo hilo hutoka samaki wanaoliwa na makarani na madereva wa mji ule. Kinachouzwa kwa bei ya kupindukia katika mikahawa ya viti kumi ni kule kujua kwamba mlangoni wako wengi waliokataliwa. Tajiri hulipa ili awe mle ndani, na mwenzake awe nje. Tonge ni stakabadhi tu ya malipo hayo.

Yafaa wasomaji wakumbushwe asili ya chakula hiki, kwa kuwa watukuzaji wake hupenda kukieleza kana kwamba kilizaliwa katika majumba ya wafalme. Sushi ya kufinyangwa kwa mkono ilienea mjini Edo, ambalo ndilo jina la zamani la Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19. Mtu anayetajwa zaidi katika habari hizo ni Hanaya Yohei, aliyeiuza katika miaka ya 1820. Iliuzwa katika vibanda vya barabarani. Edo ulikuwa mji wa mafundi na vibarua, mji wa nyumba za mbao ulioungua mara kwa mara na kujengwa upya, na watu wake walihitaji chakula cha haraka cha kuliwa wima kabla ya kurudi kazini. Matonge ya siku hizo yalikuwa makubwa, mara mbili au tatu ya haya ya leo, kwa sababu yalikusudiwa kumshibisha mtu aliyefanya kazi. Yalishikwa kwa mkono. Husimuliwa kwamba walaji walijifutia vidole katika pazia la kibanda walipokuwa wakiondoka, na pazia likizidi kuchafuka wapita njia hujua kwamba hapo pana chakula kizuri. Aliyewahi kula kwa mama ntilie hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani iliposhindwa na njaa ikatanda, chakula kikawa cha mgawo na biashara ya mikahawa ikazuiliwa. Mwaka 1947 wauza sushi wa Tokyo walipata ruhusa ya kufanya kazi kwa njia ya pekee: mteja alikuja na kipimo chake cha mchele, akapewa matonge kumi, na akamlipa fundi ujira wa kazi yake. Hivyo ndivyo chakula hiki kilivyookoka. Kiliokolewa na watu wenye njaa waliobeba mchele wao wenyewe katika vifuko. Leo wajukuu wa chakula hicho wanaambiwa kwamba mahali pake pa haki ni mbele ya watu wanaoweza kutoa mshahara wa mwezi wa mfanyakazi kwa nusu saa ya kutafuna!

Habari ya mnofu wa jodari ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi thamani inavyotungwa. Watu wa Edo walimdharau jodari, na hasa sehemu yake yenye mafuta, kwa vile barafu haikuwapo na mafuta huoza upesi. Sehemu hiyo ilitupwa. Ng'ambo ya pili ya dunia, katika pwani ya mashariki ya Kanada, wavuvi wa burudani waliwavua majodari wakubwa wa pezi la buluu, wakapiga nao picha, kisha mizoga ikafukiwa au kufanywa chakula cha wanyama. Ndipo shirika la ndege la Japani, ambalo ndege zake zilikuwa zikipeleka mizigo Amerika na kurudi zikiwa karibu tupu, lilipotafuta kitu cha kujaza matumbo ya ndege hizo. Mnamo Agosti 1972 majodari wa Kanada waliuzwa katika mnada wa Tsukiji. Wakati huo ladha ya Wajapani ilikuwa imekwisha kubadilika kuelekea nyama yenye mafuta, na majokofu yalikuwa yameenea. Basi kile kilichokuwa cha paka kikawa cha wakurugenzi. Walaji wa leo huambiwa kwamba wanaonja mila ya kale. Wanachoonja ni hesabu ya shirika la ndege lililochoka kurusha ndege tupu.

Je, mpishi ndiye mwenye kulaumiwa? La, hasha. Jiro Ono, mwenye mkahawa ule wa Ginza, alizaliwa mwaka 1925 na akaanza kazi za mkahawani angali mtoto mdogo. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2011 inamwonyesha mwanagenzi mmoja aliyekaanga mkate wa mayai zaidi ya mara mia mbili kabla bwana wake hajamwambia kwamba sasa umefaa. Kusugua pweza kwa muda mrefu hata akalainika, kupepea wali ufikie joto la mwili, kumjua samaki kwa kumgusa: hiyo ni kazi, tena kazi ya heshima, na mtu wa kazi haina budi aheshimiwe popote alipo. Lakini tazama matajiri walivyoifanya heshima hiyo. Wao hulitazama jasho la mwanagenzi kama kiungo cha mlo wao. Hupenda kusikia kwamba kijana alifua mataulo na kuosha samaki miaka kumi, kwa sababu kusikia hivyo kunaongeza utamu. Hakuna hata mmoja wao aulizaye kijana yule alilipwa nini katika miaka hiyo, wala kwa nini vijana wengi siku hizi hawaitaki kazi hiyo.

Na mara nyingi zaidi jina linalotukuzwa na gazeti ni la mpishi peke yake, kana kwamba samaki alijitoa baharini kwa hiari.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2007 kitabu cha Michelin, ambacho ni cha kampuni ya Ufaransa itengenezayo matairi ya magari, kilitoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya mikahawa ya Tokyo, na mkahawa wa Jiro ukapata nyota tatu. Ni ajabu kidogo kwamba muuza matairi ndiye mwamuzi wa wali wa Wajapani, lakini tuyaache hayo. Mwaka 2019 kitabu hicho hicho kiliuondoa mkahawa huo katika orodha. Si kwamba chakula kiliharibika. Sababu iliyotolewa ni kwamba mkahawa hauwapokei tena watu wa kawaida: nafasi hupatikana kwa wateja wa siku nyingi, au kwa kupitia hoteli kubwa kubwa. Kwa maneno mengine, umashuhuri uliotangazwa na kitabu uliwaleta matajiri wengi mno, matajiri wakaujaza mlango, na hatimaye kitabu chenyewe kikakiri kwamba mlango umefungwa. Huo ndio mwisho wa kawaida wa kitu chema kinapotiwa katika mashindano ya wenye fedha.

Wapo watakaosema kwamba yote haya hayawahusu wengine. Mwenye fedha na ale fedha zake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama samaki angekuwa anafugwa katika bakuli la tajiri. Lakini jodari wa pezi la buluu ni kiumbe wa bahari, na bahari ni ya watu wote. Kufikia mwaka 2010 majodari wazazi wa aina hiyo katika Bahari ya Pasifiki walikuwa wamebaki chini ya asilimia 5 ya wale ambao wangekuwapo laiti wasingevuliwa kabisa. Nchi zinazohusika zilipokubaliana kupunguza kwa nusu uvuvi wa majodari wachanga, kuanzia mwaka 2015, samaki wakaanza kurudi, na tathmini ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa wamevuka asilimia 20. Basi si kweli kwamba haiwezekani kuwazuia walafi. Inawezekana, ikiwa serikali zitaamua.

Mwezi Machi 2010 serikali nyingi hazikuamua. Mataifa yalikutana Doha, nchini Qatar, kujadili biashara ya viumbe walio hatarini. Monaco ilipendekeza biashara ya kimataifa ya jodari wa pezi la buluu wa Atlantiki ipigwe marufuku. Japani iliongoza upinzani. Usiku wa kuamkia kura, ubalozi wa Japani uliwaandalia wajumbe tafrija, na katika meza ya tafrija hiyo walikuwapo majodari hao hao waliokuwa wakijadiliwa. Kesho yake pendekezo likaanguka: kura 68 dhidi ya 20. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana zilizosimama waziwazi kuliunga mkono, na jambo hilo linastahili kukumbukwa. Wajumbe walioshiba tonge usiku walipiga kura asubuhi. Mwenye kutaka kujua jinsi ulafi unavyoingia katika siasa za dunia asome habari za siku hizo mbili.

Mwambao wa Afrika Mashariki nao una ushahidi wake. Meli zinazovua kwa kamba ndefu zenye maelfu ya ndoana, na ambazo hugandisha samaki kwa baridi kali ili waje kuliwa wabichi huko Asia, huzunguka Bahari ya Hindi kwa miezi mingi bila kutia nanga. Mwezi Machi 2009 meli moja ya uvuvi, Tawariq 1, ilikamatwa katika maji ya Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao majodari. Samaki hao waligawiwa mahospitali, mashule na taasisi nyingine za umma, na wananchi wakawabatiza jina la samaki wa Magufuli, kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa Uvuvi. Mabaharia zaidi ya thelathini walitiwa ndani. Wengi wao walikuwa watu maskini kutoka nchi za Asia. Mwaka 2012 nahodha na wakala wa meli walipatikana na hatia, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikalibatilisha shauri zima. Tangu mwanzo hadi mwisho, waliolala mahabusu ni wale waliozivuta kamba. Walaji wa samaki wa namna ile hawakujua hata kwamba kuna kesi.

Ni vema hapa itajwe habari ya mnada wa Toyosu wa Januari 2019, kwani hutumiwa sana kuwatisha watu. Jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yen milioni 333.6, yaani yen milioni 1.2 kwa kila kilo. Magazeti ya dunia yalishangilia. Machache yaliendelea kueleza kwamba mnunuzi, Kiyoshi Kimura, ana mikahawa mingi ya kawaida, kwamba kwake bei ile ilikuwa gharama ya tangazo la biashara, na kwamba samaki yule alikatwakatwa na kuuzwa katika mikahawa hiyo kwa bei ile ile ya kila siku. Kwa hiyo jodari aliyekuwa ghali kuliko wote wakati huo aliliwa na watu waliokuja kwa miguu, bila kuandikisha majina miezi kabla, na bila mtu kuwauliza wamefikia hoteli gani. Kule Osaka, tangu mwaka 1958, Yoshiaki Shiraishi alikwisha kuonyesha njia nyingine. Aliona mkanda unaopitisha chupa katika kiwanda cha bia, akatengeneza wa kwake wa kupitisha visahani vya sushi mbele ya walaji. Kila mlaji hujichukulia apendacho. Wafanyakazi huja na watoto wao. Mwisho huhesabiwa visahani, na bei ya kila kisahani inajulikana tangu mwanzo.