Ukiitwa Kazini, Jibu

Kijana wa Kihonda, Morogoro, akipata nafasi kiwandani huku akisubiri majibu ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mara nyingi hunyamaza. Tunamwelewa, kazi ni adimu. Lakini ukimya wake unamweka njia panda mwenzake aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili. Ajibu mapema: ashukuru, aombe siku mbili tatu za kufikiri, aulize mshahara, saa za kazi na kituo. Kuuliza si utovu wa adabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo hayo kwa maandishi. Kumwambia mtu "njoo kesho uanze" bila karatasi yoyote ni kumwonea. Na anayekataa, apige simu kabla ya siku ya kuripoti.