Mizizi ya Dawa Ikuzwe Juja

Mukombero unaouzwa na wachuuzi katika steji za Thika na Ruiru mwingi hutoka magharibi, Kakamega na kandokando yake, na ukishang'oa mzizi, mmea umekwisha. Hakuna msitu utakaostahimili tamaa hii.

Wengi wetu huutafuna kwa ajili ya hamu ya chakula (na ya mambo mengine). Lakini uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa mzizi huo una kemikali za kupunguza uvimbe, adui wa magoti ya wazee.

Kwa maoni yangu, jibu liko hapa jirani. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, kati ya Ruiru na Thika, kimewapa wakulima miche ya migomba iliyoanzia chupani. Mizizi nayo hukua chupani, katika maji yenye sukari na madini, bila udongo. Tena ikitiwa jasmoneti kidogo, kemikali ambayo mmea hutoa ukishambuliwa na wadudu, mzizi hudhani umevamiwa, ukazidisha kinga zake. Mara nyingi kinga hizo ndizo dawa tunayoitafuta. Korea Kusini hukuza jinseng namna hii katika matangi makubwa.

Hata hivyo, mzizi ulioongezwa nguvu si wa kutafunwa kiholela. Uchunguzwe sumu na dozi kwanza, na anayemeza dawa za presha au za kisukari amwone daktari kabla ya kuugusa.

Chuo kianze na mukombero, basi. Na wachimbaji wa Kakamega wapewe miche wapande, la sivyo tutakuwa tumewanyang'anya riziki yao.