Swali la Pointi Mbili

"Ni rais gani pekee wa Marekani aliyerudi kuwa seneta baada ya kutoka Ikulu?"

Ilikuwa chemsha bongo ya wanafunzi wa uzamili, Ijumaa usiku, ukumbi wa hosteli. Nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Andrew Johnson! Pointi mbili. Timu yetu ikabeba kreti ya soda, nami nikapigiwa makofi. Niliyafurahia sana.

Sasa nataka kuyarudisha makofi yale.

Nilikuwa namjua Johnson kama mtu anavyojua majina ya wachezaji wa timu yake. Fundi wa kushona nguo ambaye hakuwahi kukaa darasani. Diwani, meya, mbunge, gavana, seneta, makamu wa rais, rais. Aliapishwa umakamu tarehe 4 Machi 1865 akiwa amelewa. Mwaka 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki, na Seneti ikakosa kura moja tu ya kumwondoa. Mwaka 1875 akarudi Seneti, akafariki mwaka huohuo. Yote ni kweli, na yote yananoga mezani.

Muhula uliofuata nilisoma kozi ya historia ya ardhi. Humo nikakutana na Johnson yuleyule, safari hii akiwa na kalamu mkononi.

Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, Jenerali Sherman alitoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida igawiwe watu Weusi waliotoka utumwani, kila familia isizidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walihamia, wakajenga, wakalima. Aprili Lincoln akauawa. Johnson, Mdemokrati wa Kusini aliyewekwa kwenye tiketi ya 1864 badala ya makamu aliyekuwepo, Hannibal Hamlin, ili kuvuta kura, akawa rais baada ya wiki sita za umakamu. Mwezi Mei akatangaza msamaha kwa waasi wengi, na wenye mashamba wa zamani wakaanza kurudishiwa ardhi. Oktoba, Jenerali Howard alitumwa kisiwa cha Edisto, akasimama kanisani kuwaambia waliokuwa wakiilima ardhi ile kwamba si yao tena. Waliteua kamati, wakamwandikia rais kumsihi. Ardhi ikarudi kwa mabwana wa jana.

Niambie, hilo lina pointi ngapi?

Ugomvi wangu na chemsha bongo za marais ndio huu. Zinauliza nani pekee, nani wa kwanza, nani mfupi kuliko wote. Haziulizi cheo kilitumika kufanyia nini, wala nani alilipia. Tunakariri kwamba marais 8 walifia madarakani kana kwamba tunahesabu mabao. Kila mara alipokufa mmoja, nchi iliangukia mikononi mwa mtu ambaye wapiga kura wengi walimtazama kama kiambatisho. Sisi Watanzania hatuhitaji kuelezwa sana. Machi 2021 tuliona jinsi mgombea mwenza anavyoweza kuwa rais ndani ya siku mbili, kama Katiba inavyoelekeza.

Rafiki yangu mmoja ananiambia, "Acha hizo, bwana, ule ni mchezo tu." Namwelewa. Sitaki kuugeuza ukumbi wa hosteli kuwa matanga. Lakini mchezo nao una mwalimu ndani yake. Mimi nilimaliza shahada ya kwanza nikijua Johnson alikunywa siku ya kuapishwa, na sijui lolote kuhusu Edisto. Hakuna aliyenidanganya hata mara moja. Nilipewa ukweli mdogo unaochekesha, nikashiba, nikaacha kuuliza.

Na ukweli mdogo huwa unawapendelea wakubwa. Mtu aliyenyang'anywa ekari zake hakuwa wa kwanza wala wa pekee, kwa hiyo hatoi swali zuri. Aliyezinyang'anya ndiye mwenye rekodi, na rekodi ndiyo inayotufanya tulitamke jina lake miaka 150 baadaye huku tukicheka na soda mkononi.

Mwezi ujao ni zamu ya timu yetu kuandaa maswali. Wenzangu wamenipa marais, eti ndiye mtaalamu. Swali langu la kwanza nimeshaliandika: "Oktoba 1865, katika kisiwa cha Edisto, watu waliambiwa ardhi wanayoilima si yao tena. Uamuzi huo ulikuwa wa nani, na alifikaje kwenye kiti kile?"

Pointi ni mbili vilevile. Asiyejua asiondoke, tutaongea.